Toroli la Mitungi ya Kuchomelea: Somo la Kitovu cha Uzito katika Karakana ya Nyumbani

Katika karakana nyingi ndogo, mitungi ya gesi ya kuchomelea husimamishwa kwenye kona, ikaegemezwa ukutani au ikafungwa kwa kipande cha kamba. Kazi inapotakiwa kufanyika uani, fundi huukumbatia mtungi mmoja, akauinamisha kidogo, kisha akauviringisha kwa ukingo wa kitako chake mpaka unakohitajika. Kazi hiyo hufanyika kila siku, na kwa kuwa mara nyingi haileti madhara, hatari yake husahauliwa.

Toroli lenye magurudumu mawili, ambalo fundi mwenyewe aweza kulijenga, huondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo. Lakini si kila toroli lafaa. Toroli lililojengwa kwa kukisia laweza kuanguka pamoja na mitungi yote miwili, na hapo madhara huwa makubwa kuliko ya mtungi mmoja. Makala haya yaeleza jinsi toroli hilo linavyobuniwa kwa hesabu, kabla chuma hakijakatwa. Hesabu zenyewe ni zile zifundishwazo katika fizikia ya shule ya sekondari: momenti, kitovu cha uzito na nguvu za vitu.

Yaliyomo ndani ya mitungi

Mwako wa oksijeni na asetilini hufikia joto la zaidi ya nyuzi 3,000 za Selsiasi, nalo latosha kuyeyusha chuma cha pua. Gesi hizo mbili huhifadhiwa kwa namna zilizo tofauti kabisa.

Oksijeni hushindiliwa ndani ya mtungi mnene wa chuma. Mtungi uliojaa kwa kawaida huwa na kanieneo ya baa 150 au zaidi, yaani karibu mara 150 ya kanieneo ya hewa ituzungukayo. Kanieneo hiyo ni sawa na nguvu ya nyutoni 1,500 juu ya kila sentimeta mraba. Mtungi wenye masi ya kilo 75 una uzito wa nyutoni 735 tu. Basi vali ikivunjika na kuacha tundu la sentimeta mraba moja, msukumo wa gesi itokayo huwa karibu mara mbili ya uzito wa mtungi wenyewe, na mtungi huruka kama roketi. Vali ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, nayo iko juu kabisa, mahali ambapo mtungi uangukapo hupigwa kwa nguvu zaidi.

Asetilini haiwezi kushindiliwa hivyo. Ikibanwa peke yake hadi kanieneo kubwa, yaweza kujitengua na kulipuka hata pasipo hewa. Kwa sababu hiyo mtungi wake hujazwa kitu chenye vinyweleo vingi mfano wa sifongo, na ndani ya vinyweleo hivyo humiminwa asetoni, kimiminiko ambacho asetilini huyeyuka ndani yake kwa wingi. Mtungi wa asetilini hapana budi usimame wima unapotumiwa. Ukilazwa, asetoni yaweza kutoka pamoja na gesi na kuingia katika mipira na kichomeo. Aidha, gesi ikishatoka mtunginaa, kanieneo yake katika mipira haitakiwi kuzidi baa 1 juu ya ile ya hewa.

Ukali wa gesi hii unajulikana tangu zamani. Mhandisi wa Uswidi, Gustaf Dalén, aliyefanya kazi kubwa ya kuboresha uhifadhi wa asetilini na taa za minara ya baharini, alipofushwa na mlipuko wa gesi hiyo katika majaribio mwaka 1912. Mwaka huohuo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Kwa nini mtungi huanguka upesi

Tuchukue mfano wa mtungi wa oksijeni wenye kipenyo cha sm 23, masi ya kilo 75, na kitovu cha uzito kilicho sm 70 kutoka sakafuni. Mtungi husimama maadamu mstari wa wima upitao katika kitovu cha uzito waangukia ndani ya kitako. Ukiinamishwa hata mstari huo ukafika ukingoni, mtungi hauwezi tena kurudi wenyewe.

Umbali kutoka katikati ya kitako hadi ukingoni ni sm 11.5. Tanjenti ya pembe ya kuangukia ni 11.5 ÷ 70, yaani 0.164, na pembe yenyewe ni nyuzi 9 na kidogo. Huo ni mwinamo mdogo sana. Kipande cha ubao kikiwa chini ya ukingo mmoja kimekwisha kula sehemu yake.

Nguvu ya kuanza kuuangusha yapatikana kwa kanuni ya momenti. Uzito wa nyutoni 735 hufanya kazi kwa mkono wa m 0.115, mpira wa gesi huvuta kwenye kidhibiti kilichoko kimo cha m 1.4. Basi:

735 × 0.115 ÷ 1.4 = nyutoni 60, kwa makadirio.

Nyutoni 60 ni sawa na uzito wa lita 6 za maji. Mtu ajikwaaye kwenye mpira huvuta kwa nguvu kubwa kuliko hiyo. Hesabu hii fupi yatosha kuonyesha kwamba mtungi usiofungwa haufai kuachwa peke yake hata kwa dakika chache.

Vipimo vya toroli

Toroli linaloelezwa hapa hubeba mitungi miwili iliyosimama ubavu kwa ubavu. Mbele lina miguu miwili mifupi. Nyuma lina magurudumu mawili. Likitulia, husimama juu ya miguu na magurudumu pamoja. Likisukumwa, huegemezwa nyuma hata miguu ikaachana na sakafu.

Vipimo vyake vikuu ni hivi:

1. Jukwaa: bamba la chuma lenye unene wa mm 5, upana wa sm 60, na kina cha sm 36 mbele ya fremu. Liwe sm 8 tu juu ya sakafu, ili kitovu cha uzito kisipandishwe bure na ili mitungi isihitaji kunyanyuliwa juu sana.
2. Fremu ya nyuma: nguzo mbili za bomba la mraba la mm 40 kwa mm 40, lenye unene wa mm 3, zikiunganishwa kwa vipande vitatu vya kukingama. Mpini uwe kimo cha m 1.2 kutoka sakafuni.
3. Magurudumu: kipenyo cha sm 35, yakiwa nje ya fremu, umbali wa sm 72 kati ya katikati ya gurudumu moja na la pili.
4. Ekseli: chuma cha duara kigumu cha mm 25, kikiwa nyuma kidogo ya nguzo.
5. Kitenganisho: bamba la mm 3 lililosimama katikati ya mitungi, upana sm 20 na kimo cha m 1, ili mitungi isigongane.

Kabla ya kukubali vipimo hivi, fundi apime mlango wa karakana. Toroli lenye magurudumu yaliyotanuka kwa sm 72 huhitaji mlango wenye nafasi isiyopungua sm 80.

Toroli lipimwe kwa hesabu

Masi ya mtungi wa oksijeni ni kilo 75, ya asetilini kilo 70, na ya toroli kilo 35. Jumla ni kilo 180, ambazo uzito wake ni karibu nyutoni 1,764. Kitovu cha uzito cha mzigo wote, kwa tahadhari, kikadiriwe kuwa kimo cha sm 75. Katika mpango huu kitovu hicho kiko sm 24 nyuma ya miguu ya mbele na sm 20 mbele ya ekseli.

Kuanguka kwa mbele: tanjenti ya pembe ni 24 ÷ 75, na pembe ni karibu nyuzi 18. Hiyo ni karibu mara mbili ya ile ya mtungi ulio peke yake. Nguvu ya mpira inayohitajika kuliangusha, ikivuta kwenye kimo cha m 1.5, ni 1,764 × 0.24 ÷ 1.5, yaani karibu nyutoni 280. Hii ni zaidi ya mara 4 ya ile ya kwanza.

Kuanguka kwa ubavu: mstari utokao mguu wa mbele hadi gurudumu la upande huohuo upo karibu sm 33 kutoka kitovu cha uzito. Pembe ni karibu nyuzi 24.

Lakini mtungi mmoja ukiondolewa, hali hubadilika. Kitovu cha uzito husogea upande wa mtungi uliobaki kwa karibu sm 10, na nafasi ya upande huo hupungua kutoka sm 33 hadi sm 23. Pembe hushuka hadi karibu nyuzi 17. Kwa sababu hiyo mtungi wa kubadilishwa huondolewa toroli likiwa mahali tambarare, kamwe si kwenye mteremko.

Ugumu wa ubunifu huonekana katika kuliegemeza nyuma. Nguvu ya kuanza kunyanyua miguu ya mbele, magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa mguu wa fundi, ni momenti ya uzito kuzunguka ekseli ikigawanywa kwa urefu wa mpini juu ya ekseli: 1,764 × 0.20 ÷ 1.025, yaani karibu nyutoni 345. Hiyo ni kazi nzito kwa mtu mmoja. Hata hivyo nguvu hiyo hupungua kadiri toroli linavyoegemea, na likifika mwinamo wa nyuzi 19 hivi, kitovu cha uzito huwa juu ya ekseli barabara na mikono haibebi kitu. Likipita hapo, mzigo huanza kumlalia fundi.

Fundi aweza kushawishika kusogeza ekseli mbele ili kazi iwe nyepesi. Akiisogeza sm 5, nguvu ya kuanza hupungua kwa robo, lakini toroli nalo huwa jepesi kuanguka kinyumenyume kwa kiasi hichohicho. Urahisi na uimara hapa hutoka katika mfuko mmoja. Kinachoongezwa upande huu hupunguzwa upande ule. Njia iliyo bora ni kutumia mitungi midogo katika karakana ya nyumbani, au kuwa na mtu wa pili wakati wa kuanza kuegemeza.

Ekseli na magurudumu

Toroli likiegemezwa, uzito wote hubebwa na magurudumu mawili, kila moja nyutoni 882. Gurudumu likiwa sm 6 nje ya kishikizo, ekseli hupindwa kwa momenti ya nyutoni-meta 53. Katika chuma cha mm 25 momenti hiyo huleta mkazo wa karibu nyutoni 35 kwa kila milimeta mraba. Chuma laini cha kawaida huanza kupinda moja kwa moja kwenye karibu nyutoni 250 kwa milimeta mraba. Basi hata mtikisiko wa kuruka shimo ukiuzidisha mzigo mara tatu, ekseli husalimika.

Mtu akitumia nondo ya mm 12 kwa kuwa ndiyo iliyopo, mkazo hupanda hadi nyutoni 310 kwa milimeta mraba na zaidi, na ekseli hupinda hata toroli likiwa halijaondoka. Sababu ni kwamba uwezo wa chuma cha duara kustahimili kupindwa hufuata kipeo cha tatu cha kipenyo. Kipenyo kikiongezwa mara mbili, uwezo huongezeka mara nane.

Ukubwa wa gurudumu nao una hesabu yake. Ili kupanda kizingiti cha sm 3, gurudumu la kipenyo cha sm 35 huhitaji nguvu ya mlalo ya karibu theluthi mbili ya mzigo lililobeba. Gurudumu la kipenyo cha sm 10 huhitaji nguvu ya zaidi ya mara mbili ya mzigo wake. Kwa kweli haliwezi kupanda, bali hukwama ghafula, na toroli likikwama ghafula huanguka. Magurudumu madogo yafaa sakafu laini peke yake, si ua wa mchanga na kokoto.

Ujenzi

Vyuma vyote vikatwe na kusafishwa kutu na rangi mahali pa kuchomelewa. Bomba lililopakwa zinki lisichomelewe kabla zinki haijaondolewa, kwani mafusho yake huleta homa. Vivyo hivyo bamba la jukwaa lisikatwe kwa moto kutoka pipa lililowahi kuwa na mafuta. Mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Chuma kikipata joto hutanuka, nacho kikipoa hujikunja. Kipande cha sm 60 kikipashwa joto kwa nyuzi 500 hurefuka kwa karibu mm 3.6. Fremu ikichomelewa upande mmoja mpaka mwisho, mvuto wa kupoa huipinda. Basi kwanza pembe zote hushikizwa kwa matone madogo, moja huku na moja ng'ambo. Kisha hupimwa mishazari miwili ya fremu. Ikiwa na urefu sawa, fremu ni mraba. Ikitofautiana, hunyooshwa wakati matone bado ni machache. Ndipo michomeleo hukamilishwa kwa zamu, kutoka pembe hii kwenda ile inayoielekea.

Vishikizo vya ekseli huchomelewa kwenye nguzo kwa kimo cha sm 17.5, ambacho ni nusu ya kipenyo cha gurudumu. Kimo hiki kikikosewa, jukwaa halitakaa sawa. Magurudumu huzuiwa kwa washa na pini ipitayo katika ekseli.

Kila mtungi hufungwa kwa minyororo miwili ya chuma, mmoja kwenye theluthi ya chini na mwingine kwenye theluthi ya juu, yenye kulabu zinazofunguka upesi kwa mkono. Kamba na mpira havifai, kwa kuwa cheche moja huvikata. Mitungi huwekwa baada ya kazi yote ya kuchomelea toroli kwisha na chuma kupoa. Haifai kamwe kuchomelea kitu kilichoshikana na mtungi.

Matumizi na hifadhi

Kabla ya toroli kuhamishwa, vali zote mbili hufungwa. Likipelekwa mbali, vidhibiti huondolewa na vifuniko vya vali hurudishwa. Ufunguo wa mtungi wa asetilini, ikiwa hutumia ufunguo, hubaki mahali pake wakati wote wa kazi ili gesi ikatwe mara moja hatari itokeapo.

Magurudumu huhitaji grisi, lakini grisi hiyo isifike kwenye vali wala vidhibiti. Oksijeni yenyewe haiwaki, bali huwezesha vitu vingine kuwaka kwa ukali, na mafuta yakikutana na oksijeni yenye kanieneo kubwa yaweza kushika moto bila kuwashwa. Aliyepaka grisi ekseli anawe mikono kabla ya kugusa mitungi. Uvujaji hutafutwa kwa maji ya sabuni, si kwa njiti ya kiberiti.

Toroli ni chombo cha kazi, si ghala. Kwa hifadhi ya muda mrefu mitungi ya oksijeni na ya gesi ziwakazo hutenganishwa. Kanuni za usalama kazini za Marekani, kwa mfano, huagiza umbali wa futi 20, yaani karibu m 6, au ukuta usioshika moto wenye kimo cha futi 5.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuonyesha fikra kuu ya somo hili pasipo mtungi wala chuma. Chukua chupa ndefu iliyojazwa mchanga, ubao na kipimapembe. Bandika msasa juu ya ubao ili chupa isiteleze. Inua upande mmoja wa ubao polepole na uandike pembe ambayo chupa huanguka. Kutokana na pembe hiyo na nusu ya kipenyo cha kitako, wanafunzi wakokotoe kimo cha kitovu cha uzito. Punguza mchanga hadi nusu, kisha rudia. Mwishowe funga chupa mbili pamoja juu ya kipande cha ubao mpana na mrudie tena. Wanafunzi wataona kwamba chupa zilezile, zenye uzito uleule, hupata uimara mpya kwa sababu ya kitako peke yake.

Maswali

1. Mtungi una kipenyo cha sm 20 na kitovu cha uzito kwenye kimo cha sm 50. Utaanguka ukiinamishwa nyuzi ngapi?
2. Ekseli ya mm 25 ikibadilishwa kwa ya mm 20, mkazo utaongezeka mara ngapi?
3. Jukwaa likiinuliwa kutoka sm 8 hadi sm 28, ni pembe zipi zitakazopungua, na kwa nini?
4. Eleza kwa nini mtungi wa asetilini hausafirishwi wala hautumiwi ukiwa umelazwa.

Majibu ya hesabu: swali la 1, karibu nyuzi 11, swali la 2, karibu mara 2.